Madramu ya Mama na Jua la Voi

Afisa wa mazingira alipotufikia mara ya kwanza, Mama alikuwa ametoka kuchemsha rangi ya zambarau. Bahati gani hiyo, jamani! Angekuja siku ya manjano pengine tungejitetea kidogo, lakini zambarau haina wakili. Ilikuwa inateremka mtaroni nyuma ya nyumba yetu hapa Kaloleni, mjini Voi, inapita kando ya ua wa jirani, inakata njia ya vumbi na kuelekea korongoni, na mvua ikinyesha kila kilicho korongoni huishia mtoni. Afisa alisimama kando ya mtaro na viatu vyake safi. Akayatazama maji, akamtazama Mama, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa ndio nimeingia kutoka kazini, koti jeupe likiwa bado mkononi.

"Na wewe dada, unafanya kazi maabara?"

"Maabara ya shule," nikasema, kana kwamba neno shule litapunguza aibu.

Mama yangu hutia katani rangi. Katani yenyewe inatoka mashambani, nyeupe na kavu, na yeye huichemsha ndani ya madramu juu ya moto wa kuni, pamoja na unga wa rangi na chumvi ili rangi ishike, halafu huianika kwenye nyaya mpaka uani kwetu kukawa na mapazia ya kila rangi. Akina mama wa kikundi chake huja kuchukua nyuzi hizo wakasuke vikapu. Kazi hiyo aliianza baada ya Baba kufariki, alipoteremka kutoka Werugha, kwetu milimani, kuja kukaa nasi. Kifua chake kilikuwa kimekataa ukungu wa kule juu. Kila msimu wa baridi alikuwa akilazwa, na daktari akasema wazi kwamba huyu mama anahitaji mahali pakavu. Na pakavu kuliko Voi, utapapata wapi?

Afisa hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, maana siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote, lakini alimwamkia Mama kwa heshima na akakubali kuketi kwenye kigoda alichopewa.

"Mama, mimi sitaki kukufungia," akasema. "Lakini jirani ameleta malalamiko, na macho mimi ninayo. Mwezi ujao nitarudi na chupa, nichukue maji yanayoingia mtaroni yakapimwe. Nikikuta mambo ni haya haya, kazi itasimama."

Malalamiko ya jirani yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mbuzi wake mweupe alikuwa amerudi nyumbani siku moja na soksi nyekundu za miguu minne. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa mbuzi huyo hunywa pale pale anapokanyaga, na watoto wake hunywa maziwa ya mbuzi huyo. Ukiwa na akili timamu huwezi kubishana na mtu kama huyo. Unaweza tu kununa, na mimi nilinuna.

Afisa alipoondoka, Mama alikusanya kuni zilizobaki akazipanga ukutani taratibu, kama mtu anayefunga duka.

"Akinifungia, narudi mlimani," akasema.

"Mama, kifua je?"

"Kifua ni changu. Siwezi kukaa mjini nikila chakula cha mkwe mikono nikiwa nimeikunja."

Hapo lazima nieleze, maana mtu anaweza kudhani Mama alikuwa anadeka tu. Mume wangu ni mtu wa magharibi ya nchi, kazi yake ni ya reli, na kwao mkwe na mama mkwe hawazoeani ovyo. Hawali meza moja. Hawalali chini ya paa moja. Mama alipokuja kukaa nasi, ilibidi tumjengee chumba chake uani, chenye mlango wake na jiko lake, na hata hivyo wazee wa upande wa mume wangu walitikisa vichwa. Mama naye anayajua hayo. Kilichomwezesha kukaa pale kichwa kikiwa juu ni madramu yake. Ananunua unga wake, analipia maji yake, sadaka ya kanisani ni yake. Ukimwondolea madramu, umemwondolea ruhusa ya kukaa, ingawa hakuna mtu yeyote angemfukuza. Namjua mama yangu. Angepanda gari asubuhi moja na kibeti chake, arudi kwenye ukungu, na sisi tungepigiwa simu kutoka hospitali.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Maji yasafike, au Mama aende.

Mume wangu alipendekeza tuchimbe shimo. Nikamuuliza hilo shimo litayapeleka wapi maji, mbinguni? Yanazama ardhini, na ardhini ndiko watu wanakochimba visima. Nilijaribu kuyachuja kwa makaa ya mawe ya kusaga, hapana, kwa makaa ya kawaida tuliyosaga wenyewe. Yakachukua rangi kidogo, kisha yakashiba, na sasa tukawa na maji machafu na makaa machafu. Ndipo nikakumbuka kitu tulichoonyeshwa chuoni zamani, siku ambayo nusu ya darasa tulikuwa tumesinzia.

Kitu chenyewe ni hiki. Unachukua maji ya rangi, unayatia uchachu kidogo, mimi nilitumia asidi ya limau. Unatia chuma kidogo, ile chumvichumvi ya kijani inayouzwa madukani mwa pembejeo kwa ajili ya mimea iliyopauka. Halafu unatia peroksaidi, dawa ile ile inayotoa povu ikiwekwa kidondani na inayogeuza nywele rangi saluni. Chuma na peroksaidi zikikutana, kunazaliwa kitu chenye hasira ambacho hakiishi hata kufumba na kufumbua, lakini katika uhai wake huo mfupi hurarua chochote kilicho karibu nacho. Kikikutana na rangi, kinaichanachana vipande vipande mpaka isiwe rangi tena. Hakiifichi wala hakiizamishi. Kinaimaliza. Shida ni kwamba chuma huchoka haraka, na kinachokiamsha kirudi kazini ni jua. Wenye viwanda vikubwa huwasha taa maalumu. Sisi tuna jua la Voi, ambalo hata usipolitaka utalipata.

Ningeweza kutia chuma kingi nisilitegemee jua sana, lakini chuma kingi maana yake ni tope jingi mwishoni, na tope nalo ni mzigo. Nikaamua kutia kidogo na kuliachia jua kazi.

Kwanza nilijaribu shuleni, kwenye chupa ya kioo niliyoiweka dirishani. Asubuhi ilikuwa zambarau. Nilipotoka kula chakula cha mchana ilikuwa ya waridi iliyopauka, na kengele ya jioni ilipolia nilikuwa natazama miti ya nje kupitia ile chupa. Haki ya Mungu, nilipiga kigelegele peke yangu mle ndani mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia kuona kama kuna nyoka.

Tukatafuta madramu ya plastiki ya buluu, mume wangu akayapasua kwa urefu yakawa mabeseni marefu, tukayapanga juu ya matofali uani pale jua linapopiga. Jumatatu alfajiri nikachanganya kila kitu kwa mikono yangu, nikiwa na glavu na miwani, kwa kuwa peroksaidi ile nzito si ya mchezo, inachoma ngozi ikawa nyeupe. Mama alisimama mbali na leso yake begani.

"Hiyo ni nini unatia?"

"Ni dawa ya maji, Mama. Usiiguse. Iache ifanye kazi."

"Sitaigusa," akasema, na hakuigusa.

Nikaenda kazini naimba. Nikarudi jioni natembea kwa haraka kama mtu anayeendea chakula. Maji yalikuwa ya zambarau. Ilikuwa imefifia kidogo, sikatai, na juu yake kumeingia wekundu wa chai ya rangi, lakini zambarau ni zambarau. Nikajiambia labda siku moja haitoshi kwa maji mengi hivyo. Jumanne, yale yale. Jumatano nikaongeza peroksaidi. Alhamisi na Ijumaa zambarau ilikuwa pale pale.

Nikaamini nimeibiwa. Nani hajui kwamba kuna wafanyabiashara wanaoongeza maji? Jumamosi nikapanda treni hadi Mombasa kwa yule aliyeniuzia kemikali, nikamkuta amekaa na miwani puani, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia maji ya bomba kwa bei ya dawa. Yule mzee hakubisha. Alichukua mtungi wake, akanimiminia kidogo kwenye chupa, akasema, "Mwanangu, nenda ukapime. Ikiwa ni maji, rudi unitukane upya, mimi nitakuwa hapa." Jumatatu nikaipima shuleni dirishani, ile yake na ile yangu. Zote mbili zilisafisha maji mpaka yakang'aa. Kwa hiyo dawa ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa nimemtukana mtu bure, nauli juu yake.

Nikahamia kwenye chumvi. Ni kweli kwamba chumvi nyingi huivuruga kazi hii, kwa sababu kile kitu chenye hasira humaliza hasira zake kwa chumvi badala ya rangi. Nikamwambia Mama apunguze chumvi. Lo! Ningemwambia apunguze kusali ingekuwa nafuu.

"Chumvi ndiyo inashika rangi."

"Na ndiyo inaharibu maji."

"Kwa hivyo kikapu kimpake mtu rangi nguoni, ndio maji yako yafurahi?"

Akapunguza, kwa kunitii tu. Katani ikatoka na mabaka, akina mama wa kikundi wakaishika na kuirudisha chini, na maji ya madramuni yakabaki vile vile ya chai na zambarau. Sasa tukawa tumepoteza huku na huku. Mama hakunilaumu. Jioni ile nilimsikia uani akizungumza na mwenzake wa kikundi, akimwelekeza namna ya kuchanganya kijani ili isiwe ya majani makavu, kiasi gani cha manjano, lini kuondoa kuni. Alikuwa anamrithisha kazi. Nililala chali, usingizi ukanikataa.

Katikati ya juma hilo shule ikakosa maji. Mifereji ilikauka asubuhi, tangi likatoa pumzi, na maabara bila maji ni chumba tu chenye viti virefu. Mkuu wa shule akaturuhusu. Nikafika nyumbani saa saba mchana, saa ambayo tangu tuanze kazi ile sikuwa nimewahi kuwa nyumbani. Jumamosi nilikuwa Mombasa, na Jumapili Mama hatii rangi, madramu yanakauka.

Nikasukuma geti. Jua lilikuwa linauma utosi. Na madramu yangu yote, safu nzima, yalikuwa yamefunikwa. Mengine kwa mabati ya zamani, mengine kwa magunia, na juu ya kila kifuniko kuna jiwe la kuzuia upepo. Yalikuwa yamelala pale kwa adabu kabisa.

"Mama!"

Akatoka jikoni kwake anafuta mikono.

"Nani amefunika haya maji?"

"Nani mwingine? Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Akanitazama kama anayepima homa. "Kwani ulitaka niyaache wazi? Huu upepo wa Voi ukianza saa tatu unaleta vumbi la dunia nzima. Kuku wa jirani hao. Kunguru hao. Wewe umehangaika na dawa yako tangu alfajiri, mimi nikae nikitazama ikiingia uchafu? Nafunika. Jioni upepo ukitulia, nafunua, ukija ukute kazi yako iko sawa."

Nilikalia tofali.

Mtu asiyetoka kwetu atamwona Mama mjinga, na nitagombana naye. Kule Werugha maji hayaachwi wazi. Mtungi ukikutwa bila kifuniko, hayo maji hayanyweki, yanamwagiwa mboga, na aliyeuacha anaitwa na kuulizwa amelelewa na nani. Nyanya yangu aliweza kuteka maji safari nzima ya mlimani na kuyamwaga yote kwa sababu tu amekuta ungo umeteleza. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Hadi leo glasi ya maji nikiiacha mezani nitaifunika kwa kisahani bila kufikiri. Mama aliyaona maji ambayo mwanawe anayahangaikia, akayatunza namna maji yanavyotunzwa. Na mimi nilikuwa nimemwambia ni dawa. Kwa Mama dawa hufanya kazi yenyewe, polepole, mahali penye kivuli, ikiwa imefunikwa. Hakuna aliyemtajia jua.

Wakati huo mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwetu na fulana, macho mazito, ametoka zamu ya usiku.

"Wewe," nikamgeukia, "wewe huwa uko hapa mchana. Hukuona haya?"

"Niliona."

"Ukaona! Na ukanyamaza?"

"Nikadhani ndiyo sayansi yenyewe." Akakuna kichwa, akaangalia pembeni ili asimtazame Mama. "Halafu nikuambie nini? Kwamba mama mkwe amefunika vitu vyake? Kwetu ukianza kuchunguza mambo ya mama mkwe unaitiwa wazee, na mbuzi unatoa."

Nilitaka kukasirika, kwa kuwa hasira kwangu huwa iko karibu, lakini ilinikataa. Nilianza kucheka nikiwa nimekaa pale pale kwenye tofali. Mama akavuta leso mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Mume wangu naye akaegemea mlango. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mama aje kwetu kuwasikia hao wawili wakicheka jambo moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiangalia upande wake. Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Kisha nikamweleza Mama vizuri, kama nilivyotakiwa kumweleza siku ya kwanza. Kwamba dawa bila jua inaanza kazi halafu inachoka. Kwamba yale maji yanahitaji kupigwa na jua usoni, saa zile kali kuliko zote, tangu saa nne mpaka saa tisa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na vumbi?"

"Vumbi liingie, Mama."

Hapo uso wake ulikunjamana kweli. Aliyafunua madramu mwenyewe, moja moja, akaweka mabati ukutani, kisha akaleta kigoda na fimbo na kukaa chini ya kivuli cha ukuta kuyalinda dhidi ya kuku. Kesho yake nilipotoka kazini nikakuta amepata suluhisho lake. Alikuwa amekata neti ya mbu iliyochakaa, akaitandaza juu ya madramu na kuifunga kwa kamba za katani. Jua linapita, unyoya haupiti. "Sasa hayako uchi," akasema. Hata chumvi nilimrudishia, isipokuwa ile ya kupitiliza.

Na maji yakasafika. Sijui nilisemeje hili. Siku ile ya kwanza ya jua kamili Mama alinipigia simu kazini, jambo ambalo hafanyi, akaniambia, "Naona matofali." Nikamuuliza matofali gani. Nilikuwa nimeweka kipande cha tofali ndani ya kila dramu, chini kabisa, ili lisiyumbe na upepo likiwa tupu. Alikuwa anakiona kupitia maji. Nilijifungia stoo ya maabara nikalia kidogo, kisha nikapangusa uso nikaendelea kuosha vyombo.

Nyekundu ilikuwa ya kwanza kukubali. Nyeusi ilikuwa sugu, ikataka jua la siku mbili na peroksaidi ya kuongezea. Maji yakishakuwa meupe tunatia chokaa, uchachu unaisha, na chuma kinajikusanya chini kama tope la kahawia. Tunayaacha yatulie, tunayatoa polepole kwa mpira, na tope tunalikausha na kulihifadhi kwenye gunia, hatulitupi ovyo. Tukiona vitone vya povu vinaendelea kupanda tunajua peroksaidi haijaisha, tunasubiri tena. Mama akawa anainama sikio karibu na maji kusikiliza povu. Kwa kusikiliza hivyo ananishinda mimi na vikaratasi vyangu vya kupimia, lakini simwambii.

Afisa akarudi, na kwa kisirani akachagua wiki ya mawingu. Voi nayo! Mwaka mzima inatuchoma, siku ya shida ikavaa blanketi. Dramu moja lilikuwa limemaliza na kutiwa chokaa, safi kabisa. Jingine lilikuwa bado la waridi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nikasimama kati ya afisa na lile la waridi nikidhani mwili wangu ni mpana kuliko ulivyo.

"Mwanangu, hebu sogea," Mama akasema. "Muone na hili, baba. Hili bado halijaiva. Usije ukasema tulikuficha."

Mama mzee wa kanisa, ukweli wake huo utatuzika! Afisa alitazama la waridi, akatazama lile safi, akauliza linalofunguliwa mtaroni ni lipi. Mama akamwonyesha. Akauliza, na jua lisipotoka? "Linangoja," Mama akasema. "Mimi sina haraka ya kumwaga." Afisa akajaza chupa yake kutoka lile safi, akaifunga, akaandika juu yake, akatuambia atatupigia.

Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko yote yaliyotangulia. Watu walitupongeza wakiyaona maji, na jirani mwenyewe alikuja akatia kidole mtaroni na kukinusa, lakini mimi najua kuwa maji meupe si lazima yawe maji mazuri. Maabara haipimi kwa macho. Inatafuta uchachu, inatafuta mabaki, inatafuta vipande vya ile rangi iliyochanwa ambavyo havionekani. Ikiwa peroksaidi kidogo tu imebaki inaweza kukivuruga kipimo na kukuangusha. Yote hayo nilikuwa nayajua na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu Mama alikuwa ananitazama usoni kila nikiingia. Mume wangu ndiye aliyenisoma. "Wewe hulali," akasema. Nikamwambia Mama akienda mlimani atakufa kule. Hakunibembeleza kwa maneno matamu. Alisema, "Basi asiende," akageuka ukutani, na nikasikia kwamba naye halali.

Simu ilipigwa Mama akiwa anaanika kijani. Aliniita nikaipokea mimi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni. Afisa alizungumza kwa kirefu, alizunguka, akataja hili na lile, gunia la tope liwe mahali pakavu, lisikae wazi, atakuwa anapita mara kwa mara. Nikamkatiza. Nilimuuliza, kwa hiyo? Akacheka. "Kwa hiyo Mama aendelee na kazi, dada. Maji yamepita."

Sikumbuki nilivyomaliza mazungumzo. Namkumbuka Mama ameshika rundo la katani ya kijani likimchuruzika miguuni, akiniangalia mdomo tu. Nikamwambia. Aliiweka ile katani juu ya waya, akainyoosha uzi kwa uzi mpaka ikakaa sawa, ndipo akafunga macho na kusema, "Ahsante, Baba wa mbinguni." Akina mama wawili wa kikundi waliokuwepo wakapiga vigelegele, mume wangu akatoka chumbani na soksi mguu mmoja akiuliza nani amezaa. Mimi nilikuwa kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani baada ya mlima mrefu.

Jioni Mama alimpigia kaka yake, mjomba wangu aliyebaki Werugha. Mama akizungumza na simu huzungumza kwa sauti ya kufikisha maneno mpaka kule kule mlimani, na mlango wake ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa uani naosha sufuria. Walisalimiana kwa Kidawida, lugha ya kwetu, wakaulizana ng'ombe, wakaulizana mvua. Nilijua nasikiliza yasiyonihusu, lakini sikuondoka.

"Ile nyumba uliyonifagilia," Mama akamwambia, "na kile kitanda ulichoniazimia, kirudishe kwa wenyewe."

Mjomba akasema kitu.

"Hapana, sijakasirika na mtu. Humo ndani weka viazi. Ndiyo, viazi. Mimi niko huku kwa mwanangu."

Kumbe mjomba alikuwa ameshafagia, na hata kitanda kimeshatafutwa. Nilikaa chini pale pale kwenye sufuria zangu, povu mikononi, nikalia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.